Fahamu: Nani anaiona ankara yako Malaba?

Lori likifika Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, habari zake zimeshatangulia. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, mzigo wa Uganda hutangazwa na kulipiwa ushuru ungali Mombasa, na mamlaka za mapato za Kenya (KRA) na Uganda (URA) hubadilishana taarifa kwa mtandao. Mwaka 2017 ukaongezwa mfumo wa kufuatilia shehena, Rwanda ikiwemo: lakiri ya kielektroniki mlangoni mwa kontena hueleza lilipo njia nzima.

Sasa itazame ankara inayoambatana na taarifa hizo. Ina jina la kiwanda, idadi ya katoni na bei ya kila moja. Kwa muagizaji, hapo ndipo penye faida yake. Mshindani akiiona, jioni hiyo hiyo atakuwa anampigia simu muuzaji yuleyule. Na wanaoishika ni wengi: wakala wa forodha, karani wake, msafirishaji, mtu wa ghala. Kwa maoni yangu, tusihangaike sana na seva za serikali. Tuhangaikie ankara inayopigwa picha na kurushwa WhatsApp "ili mambo yaende haraka".

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inalinda taarifa za watu binafsi. Bei za jumla za kampuni hazimo. Kinga yako kubwa ni mkataba: mwandikie wakala kifungu cha usiri. Dereva mpe orodha ya mzigo isiyo na bei. Na ukiachana na wakala, ondoa ruhusa yake kwenye mfumo wa forodha siku hiyo hiyo.