Hesabu Iandikwe Kabla ya Kutua

Eropleni itokayo London jioni hufika Nairobi alfajiri, baada ya muda wa saa 8 na nusu hivi. Kwa mtu aliyekwenda matembezini, muda huo ni wa kula, kulala na kutazama sinema. Lakini kwa mtu arudiye kutoka safari ya biashara, hasa aliyetumwa na wenzake, muda huo ni sehemu ya kazi.

Zamani nafasi ya kufikiri ilikuwa kubwa. Kampuni ya Imperial Airways ilipofungua njia ya London hadi Mwanza kwa kupitia Kisumu, mwaka 1931, safari ilichukua zaidi ya wiki moja. Jioni eropleni zilitua, abiria wakalala hotelini, na sehemu nyingine ya njia ilipitwa kwa treni. Msafiri alifika kwao akiwa amekwisha kuyapanga maneno yake. Siku hizi hula chakula cha jioni angani na kunywa chai ya asubuhi nyumbani, na asipojihadhari atafika na mizigo salama lakini habari zimevurugika kichwani.

Mfano mzuri ni wa katibu wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, aliyekwenda London kuwaonyesha wanunuzi kahawa ya chama chake. Nauli ililipwa kwa fedha za wanachama. Wanunuzi walionja mafungu matatu. Mawili waliyasifu, bali la tatu walilikataa kwa sababu lilikuwa na ladha ya kuchacha. Yeye alijua chanzo chake: punje zilizokwisha kumenywa ziliachwa katika tangi kupita wakati wake. Na msimamizi wa tangi lile alikuwa mtu wa rika lake, waliotahiriwa pamoja.

Sahani zilipoondolewa na taa kupunguzwa, abiria wa karibu naye walianza kutazama sinema. Katibu alitoa daftari. Kwanza aliandika fedha: alizopewa, alizotumia na zilizobaki, kila stakabadhi na mahali pake. Kisha aliandika maneno ya kila mnunuzi, maana yalikuwa bado mapya moyoni. Habari ya fungu la tatu aliiacha nyuma.

Kila baada ya saa moja aliinuka akatembea kidogo. Waganga huonya kwamba kuketi safarini zaidi ya saa 4 bila kujinyosha kwaweza kuleta damu kuganda katika mishipa ya miguu. Tena alikunywa maji mara kwa mara. Eropleni huruka futi 35,000 na zaidi, na hewa ya ndani hukazwa hata ikawa kama ya mlimani, isiyozidi kimo cha futi 8,000, karibu na ile ya Limuru; lakini ni kavu sana. Pombe aliikataa, kwa kuwa haipatani na hesabu.

Walipokuwa juu ya jangwa la Sahara, aliandika: “Bei imeshuka duniani.” Nani angeliweza kumkanusha? Hakuna mwanachama mwingine aliyekuwapo. Rika lake lingehifadhika, na mkutano ungekwisha kwa amani. Lakini msimu ujao kahawa ingechacha tena, na wajane waliochuma kwa mikono yao wangelipwa kidogo wasijue sababu. Aliyafuta maneno yale, akaandika: “Fungu la tatu limekataliwa. Kosa ni la kiwanda chetu.” Chini yake aliongeza shauri: saa ya kuingiza kahawa katika tangi na saa ya kuitoa ziandikwe kitabuni kila siku. Ndipo akalala.

Eropleni ilipoanza kushuka alitafuna peremende ili masikio yasizibe, akapeleka saa yake mbele, na kulipokucha akatua Embakasi, katika kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1958.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini daftari la kweli laweza kumwumiza mtu akilisikia kwa mara ya kwanza mbele ya umati. Kwa hiyo katibu hakuanza kwa mwenyekiti wala kwa mkutano. Alipita kwanza nyumbani kwa rika lake, akaketi, akamsomea ukurasa ule wa mwisho.