Alama Ubavuni mwa Mzinga: Wakamba na Mali Iliyoachwa Porini

Mwanamume wa Kikamba aliyetundika mizinga yake juu ya mibuyu na migunga ya Kitui, nchini Kenya, hakuwa na namna ya kuilinda. Shamba lake lilikuwa karibu na boma na ng'ombe wake walilala zizini, lakini mizinga ilikaa mbali, pengine mwendo wa siku nzima, katika pori ambalo Wakamba huliita weu. Hiyo ni ardhi isiyo ya mtu mmoja, ambamo watu waliwinda, wakachunga na kuokota kuni. Miezi ilipita bila mwenyewe kuiona mizinga hiyo, na alipoirudia alitarajia kuikuta mahali pake, tena na asali ndani. Mara nyingi aliikuta. Kila ninapoyafikiria maisha ya jamii hii, hilo hunipa heshima kubwa kwa wazee waliolifanya liwezekane.

Asali kwao haikuwa ya kupaka mkate. Ilikuwa pombe ya wazee, na bila pombe hiyo posa haikujadiliwa, ugomvi haukumalizwa na mizimu haikuombwa. Kijana aliyeiba asali ya mzee alikuwa amegusa mahari ya mtoto wa mtu na kesi ya mtu mwingine. Mzinga wenyewe nao, ambao wao huuita mwatu, ulikuwa kazi ya mikono isiyo ndogo. Gogo lilikatwa, likachimbwa ndani kwa tezo kutoka ncha zote mbili hadi likawa bomba, kisha likafungwa kwa vifuniko vya mbao, kimoja kikiwa na vitundu vya nyuki kupita. Halafu lilipandishwa juu ya mti kwa kamba na kutundikwa kwa kulabu ya mti. Ukishatundikwa hapo, ulitumika miaka na miaka. Mwenye kutangulia kuutumia mti fulani wa porini kwa mizinga yake alitambuliwa kuwa na haki juu ya mti huo, ijapokuwa ardhi iliyouzunguka haikuwa yake.

Kilichoilinda mizinga kilikuwa alama. Ubavuni mwa gogo au kwenye kifuniko palichongwa au kuchomwa alama ya ukoo, mistari na pembe chache ambazo mgeni angedhani ni makovu ya ubao. Koo za Wakamba, kama Atangwa, Aombe au Anzauni, zilikuwa na alama zao, na ng'ombe pia walipigwa chapa kwa namna hiyo. Mtu aliyepita chini ya mti na kuinua macho alisoma papo hapo mzinga ule ni wa nani, au angalau ni wa watu gani. Kwa hiyo yeyote aliyepanda mti ule usiku alijua kwamba anamwibia baba wa fulani, shemeji wa fulani, na kwamba ukoo mzima utahusika.

Mishale ilikuwa hivyo hivyo, na hapa ndipo maarifa ya wawindaji hawa yanapoonekana vizuri zaidi. Mshale wa Mkamba ulikuwa na kigumba kilichopakwa sumu iliyopikwa kutokana na mti mchungu wa nyikani. Kigumba hicho kilivikwa utepe wa ngozi laini ili sumu isikauke wala isimkwaruze mwenyewe. Mnyama aliyepigwa hakuanguka pale pale. Alikimbia, akajificha kwenye vichaka, akafia mahali ambapo mwindaji angemfikia baada ya saa nyingi, na pengine mtu mwingine alitangulia kumwona. Wakati wote huo nyama, ngozi na pembe zilikuwa zimelala porini bila mlinzi, na ushahidi wa pekee wa mwenyewe ulikuwa ile alama kwenye kigumba kilichobaki mwilini. Aliyemkuta mzoga wenye mshale wa mwenzake alijua wazi kwamba si wake. Palipokuwa na mishale ya watu wawili, mshale wa kwanza kumpata mnyama ndio uliobeba haki kubwa, na wazee waliweza kuamua kwa kutazama vigumba na jeraha.

Desturi hii haikuwa ya Wakamba peke yao. Wawaata, wale wawindaji wa tembo wa nyika ya Tsavo waliokuwa na pinde kubwa mno, nao walitia alama mishale yao, kwa kuwa pembe za tembo zilikuwa mali ya kuuzwa pwani na zisingeachwa zigombewe. Mbuga ya Tsavo ilipotangazwa mwaka 1948, Wawaata na Wakamba waliopakana nayo hawakuruhusiwa kuwinda ndani yake. Katika miaka ya 1956 na 1957, David Sheldrick na Bill Woodley, maofisa wa mbuga hiyo, waliongoza msako mkubwa wa kuwakamata wawindaji hao, na alama zilizokuwa zikimhifadhia mtu haki yake zikageuka ushahidi dhidi yake. Mshale uliookotwa kwenye mzoga ulimtaja mwenyewe mbele ya askari. Naliona hilo kuwa jambo la kusikitisha sana katika historia ya pori letu: mtu aliadhibiwa kwa kuwa mwaminifu kuandika jina lake.

Lakini hata alama zikiwapo, wizi ulikuwapo. Hakuna jamii isiyo na wezi, na wazee wasingekuwa na sheria kali hivyo kama hapangekuwa na sababu. Mwizi wa kwanza ni nyegere, ambaye hubomoa mzinga na kula asali na majana pamoja. Mrina asali mzoefu hamchanganyi na binadamu. Nyegere huacha alama za kucha kwenye ubao na hutawanya masega. Binadamu huacha jivu la kienge, kifuniko kilichorudishwa upande usio wake, na nyayo za mtu aliyeshuka kutoka mtini akiwa na mzigo. Nyayo zilifuatwa. Zikiishia kijijini, kazi ilihama kutoka kwa mfuatiliaji ikaenda kwa atumia, wazee wa baraza liitwalo nzama.

Mbele ya nzama mambo hayakuharakishwa. Aliyekiri alilipa, kwa mifugo na kwa pombe ya kuwatuliza wazee na mwenye mali, na ukoo wake ulimsaidia kulipa kama hakuwa na kitu. Hapo ndipo ukali wa desturi ulipokuwa. Kijana mmoja aliyefungua mzinga usio wake aliwafanya baba zake wadogo watoe mbuzi, na tangu siku hiyo alikuwa na watu nyumbani mwake mwenyewe wanaomchunga. Nimewahi kusikia watu wakisema kwamba malipo ya mifugo ni adhabu nyepesi ukilinganisha na jela. Sikubaliani nao. Mtu aliyetoka jela harudi kukabiliana na shangazi ambaye mbuzi wake walichukuliwa kwa sababu yake.

Aliyekana aliapishwa. Kiapo kilichoogopwa kuliko vyote kilikuwa cha kithitu, kitu chenye nguvu kilichotunzwa mbali na nyumba za watu, ambacho mwapaji alikigonga kwa vijiti huku akitamka kwamba kama ameiba, basi kimwangamize. Kilichotisha zaidi ni kwamba hakikuishia kwake. Kiliwafuata watoto wake na ndugu zake. Kwa hiyo familia zilimhoji mtu wao kwa ukali kabla ya kumruhusu aape, na mara nyingi ukweli ulitoka usiku wa kuamkia siku ya kiapo, ndani ya nyumba, mbele ya mama yake. Serikali ya kikoloni, ambayo haikuwa na subira na mambo mengi ya Waafrika, ilikiacha kithitu kitumike katika mabaraza ya wenyeji Ukambani, kwa kuwa maofisa waliona watu wanaothubutu kuapa uongo mbele ya Biblia hawathubutu mbele ya kile.

Ilikuwapo pia hatua ya mwisho, na lazima itajwe kwa uangalifu. Mwizi sugu, aliyelipiwa na ndugu zake hata wakachoka, aliweza kuhukumiwa king'ole, yaani kuuawa na umma. Charles Dundas, ofisa Mwingereza aliyefanya kazi Kitui, na Gerhard Lindblom, mtaalamu kutoka Uswidi aliyeishi na Wakamba mwanzoni mwa karne ya 20, wote waliandika habari zake. Waingereza waliikomesha, na mimi siitamani irudi. Ila leo, kijana anapovamiwa sokoni na kuchomwa moto kwa tuhuma za kuiba simu, wapo wanaosema kwamba huo ndio utamaduni wetu wa tangu zamani. Si kweli, na ni matusi kwa wazee. King'ole haikupitishwa na umati wenye hasira. Ilihitaji wazee wakae, makosa ya miaka yahesabiwe, na ndugu wa karibu wa mtuhumiwa watoe ridhaa yao. Bila ridhaa hiyo hapakuwa na king'ole. Baba au kaka alipewa nafasi ya kusema hapana, na nafasi hiyo iliokoa watu. Umati wa sokoni haumwulizi baba wa mtu yeyote.

Huko kwenye msitu wa Mau, Waogiek, ambao nao ni warina asali, walilinda mizinga yao kwa njia iliyotofautiana kidogo. Wao waliugawa msitu wenyewe. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa ardhi ulioanzia maeneo ya chini yenye joto hadi juu kwenye baridi, ukifuata mito na migongo ya vilima, ili watu waweze kuhama na maua kadiri yanavyochanua kwa zamu. Mizinga yao ya mtarakwa, mti usiooza upesi, ilitundikwa ndani ya ukanda huo. Mtu wa ukoo mwingine aliyeonekana humo na mfuko wa asali alikuwa na maelezo ya kutoa, na laana za wazee zilimngoja aliyekosa maelezo. Ulinzi huo ulitegemea majirani wanaojuana na wanaoiogopa laana ileile. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa kwenye hifadhi na watu kutoka nje wakagawiwa ardhi. Walikuja watu wasiojua ukanda wa nani unaishia wapi, wala hawakuwa na sababu ya kuogopa wazee wasiowafahamu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, na mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Wakati hukumu hizo zinatolewa, miti mingi iliyobeba mizinga ilikwisha kukatwa.

Ukambani msitu haukugawiwa hivyo, lakini ulinzi ulilegea kwa njia zake. Uwindaji ulipigwa marufuku kote Kenya mwezi Mei 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaendeleza katazo hilo, kutega kwa vitanzi kukiwemo. Naielewa sababu yake. Vitanzi vya waya huua bila kuchagua, na vikosi vinavyozunguka Tsavo kuving'oa hukuta wanyama waliokufa vibaya sana. Lakini tazama mabadiliko yaliyotokea kwa mtegaji. Kitanzi chake hakina alama na hakiwezi kuwa nayo, maana alama ingempeleka kortini. Mwenzake akikichukua, au akimchukua digidigi aliyenaswa humo, hana pa kushtaki. Hapo pori limekuwa la kila mwenye kuwahi, jambo ambalo wazee walilizuia kwa vizazi vingi.

Mizinga ingali halali, na ndiyo inayoibwa sasa. Tangu miaka ya 1970, mradi wa ushirikiano wa Kenya na Canada ulipotoa mzinga wa kisasa wa vijiti vya juu, wafugaji wengi wamehimizwa kuacha magogo. Mzinga huo ni mzuri: unaukagua bila kuua nyuki, unarina bila kuharibu majana. Ila hutundikwa chini, kimo cha kiuno, na hufunguka kirahisi kutoka juu. Gogo lililo juu ya mbuyu lilimtaka mwizi awe na ujasiri, kamba na mwenzake. Huu unamtaka awe na ndoo. Nasema kwa moyo wote kwamba waliogawa mizinga hii vijijini wangefaa wakae na warina asali wazee kwanza na kuwauliza swali moja tu: nani atajua huu ni wa nani?

Vikundi vingine vimepata jibu lao. Hupaka herufi za kikundi na namba ubavuni mwa kila mzinga, hupanga zamu za kuzunguka msimu wa asali ukikaribia, na mzinga ukivunjwa hupeleka kesi kwa wazee wa kijiji pamoja na chifu kabla ya polisi, kwa sababu mwizi huwa ni mtoto wa jirani. Hilo linafaa kwa mzinga unaobebwa mzima. Kwa asali yenyewe bado kuna pengo. Ikishakamuliwa haina alama, nayo husimama kando ya barabara ya Mombasa ndani ya chupa za soda, ikiuzwa kwa wasafiri wasiouliza imetoka wapi. Zamani asali iliyoibwa ilikuwa vigumu kuitumia, maana iliyoletwa kwa pombe ya posa ilipita mbele ya wazee waliojua mizinga ya kila mtu. Wanunuzi wa jumla wanaokusanya asali kutoka kwa vikundi wanaweza kuirudisha kinga hiyo wakikataa kila ndoo ambayo mwenyewe hawezi kuonyesha mizinga yake. Wanaozuiwa na jambo hilo ni wale tu wanaopenda bei ya chini ya asali isiyo na mwenyewe.