Mjini au Kiungani? Nasaha kwa Mke na Mume Wasio na Watoto



Mji wetu wa Dodoma umekua upesi mno katika miaka hii. Hesabu ya watu ya mwaka 2012 ilikuta wakazi 410,956. Ile ya mwaka 2022 ikakuta 765,179. Serikali ilihamia huku kwa wingi baada ya mwaka 2016, Dodoma ikatangazwa kuwa Jiji mwaka 2018, na watumishi wengi waliokuwa wapangaji Dar es Salaam sasa wanatafuta nyumba za kununua.

Miongoni mwa wanaotafuta wamo mke na mume ambao Mwenyezi Mungu hajawajaalia watoto. Hawa swali lao ni zito kuliko la wengine. Mwenye watoto huongozwa na watoto wake: hutazama shule iliko, chuo cha Kurani kiliko, na uwanja wa kuchezea. Wawili hawa hawana kiongozi huyo. Basi mume hutaka mjini, mke akataka kiungani, au kinyume chake, na kila mmoja ana hoja njema. Yafaa tuzipime hoja zao kwa haki.

Tuanze na mjini. Akaaye Majengo, Makole, Uhindini au Chang'ombe ana soko karibu, ana Hospitali ya Mkoa, na adhana huisikia akiwa kitandani. Akiugua usiku, jirani yuko nyuma ya ukuta. Lakini kwa fedha ile ile atapata nyumba ndogo, mara nyingi ya zamani, yenye ua mwembamba na kelele za biashara mpaka usiku.

Kiungani, kama Nzuguni, Iyumbu, Mkonze au Nala, fedha hiyo hununua kiwanja kipana, hewa na utulivu. Wala kiunga cha leo si pori. Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, upande wa mashariki. Stendi kuu ya mabasi na Soko la Job Ndugai viko Nzuguni. Na Hospitali ya Benjamin Mkapa iko pembeni mwa Chuo Kikuu, si katikati ya mji. Mtumishi wa Mtumba akinunua nyumba Majengo, yeye ndiye aliyejitia mbali na kazi yake.

Aibu ya kiunga ni mbili. Ya kwanza ni maji. Nchi yetu hii ya katikati ina msimu mmoja tu wa mvua, takriban Desemba mpaka Aprili, kisha ni ukavu mtupu. Kwa hiyo anunuaye nyumba asiitazame mwezi wa Februari majani yakiwa mabichi. Aende mwezi wa Oktoba, aulize majirani maji ya bomba hutoka siku ngapi kwa juma, na kama kuna kisima, ayaonje maji yake, kwani visima vingi vya huku ni vya chumvi. Ya pili ni upweke. Kiwanja kikiwa peke yake kati ya viwanja vitupu, uzuri wake huisha jua likizama.

Je, dini yetu ina upendeleo katika jambo hili? Huko Madina palikuwa na watu wa ukoo wa Banu Salima, waliokaa mbali na Msikiti wa Mtume (S.A.W.). Walipotaka kuhamia karibu, Mtume aliwaambia wabaki makwao, kwa kuwa hatua zao za kwenda msikitini zinaandikwa. Na Bibi Aisha (R.A.), ambaye hakujaaliwa mtoto, chumba chake kiliungana na msikiti ule ule, akaishi humo miaka mingi baada ya kufiwa na mumewe, na watu wakawa wanamwendea kujifunza dini. Basi wa mbali alipata daraja lake, na wa karibu alipata lake. Hakuna mahali palipo patakatifu kuliko pengine kwa sababu ya umbali tu.

Kwa hiyo wawili hawa wasiulizane, "Wapi pazuri?" Waulizane hivi: "Mmoja wetu akitangulia mbele ya haki, atakayebaki ataweza kuishi hapa?" Mwenye watoto hutumaini kwamba siku hiyo mwana atakuja kumchukua. Asiye na mtoto yampasa kuinunua nyumba kwa ajili ya atakayebaki, tangu siku ya kwanza.

Ukiwa na swali hilo mkononi, mambo mengi hujipanga. Je, mjane wa miaka sabini ataweza kwenda msikitini, dukani na zahanati kwa miguu yake, au gari aliloendesha marehemu ndilo lililokuwa likiifanya nyumba hiyo ikalike? Je, wako majirani watakaogundua kwamba mlango wake haukufunguliwa asubuhi? Waarabu wana msemo kwamba jirani hutangulia nyumba, nao ni kweli. Kwa rai yangu, walio chini ya miaka hamsini na wenye afya, kiunga chawafaa, bali kiwe kimekwisha kaliwa na watu, chenye msikiti na maji. Waliovuka umri huo, nyumba ndogo ya mjini ni bora kuliko jumba la pembeni.

Lakini swali hilo lina mlango wa pili, nao husahauliwa: nyumba itakuwa ya nani? Katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 12, Mwenyezi Mungu ameweka mafungu. Mume akifa bila mtoto, mke hupata robo. Mke akifa bila mtoto, mume hupata nusu. Kinachobaki ni cha warithi wengine, kama wazazi na ndugu wa marehemu.

Tuchukue mfano. Nyumba imenunuliwa kwa shilingi milioni 40, mke ametoa nusu ya fedha, lakini hati ina jina la mume peke yake. Mume anakufa, hana deni wala wasia. Ikihesabiwa yote kuwa mali yake, mke atapata milioni 10, na ndugu milioni 30. Hapo nyumba huuzwa na bibi huyo hutoka. Lakini kama hati ingeandikwa majina mawili, nusu kwa nusu, milioni 20 ni zake asilia, hazirithiwi na mtu; kisha hupata robo ya zile 20 za mumewe, yaani milioni 5. Jumla ni milioni 25, na anaweza kupatana na mashemeji zake juu ya zilizobaki.

Tusiwalaumu mashemeji. Achukuaye fungu alilopewa na Mungu hajadhulumu. Dhuluma iliingia siku mchango wa mke ulipofichwa katika karatasi. Mume akipenda kumzidishia mkewe, njia ipo: ampe hiba akiwa hai na mwenye afya, kwa kukabidhi kweli na kubadilisha hati, si kwa ahadi ya mdomoni. Wasia hautoshi, kwani mrithi hausiiwi ila warithi wengine wakiridhia. Na kama wanalea yatima, yeye si mrithi; huyo aweza kuusiwa mpaka theluthi moja ya mali.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo yakataza mume au mke kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Ni kinga njema, lakini ni ya wakati ndoa ipo. Tena hapa Dodoma hati nyingi za zamani zilitolewa na CDA, iliyoundwa mwaka 1973 na kuvunjwa mwaka 2017, kazi zake zikahamia kwa Halmashauri. Anunuaye nyumba ya zamani asilipe kabla ya kuhakikisha hati hiyo katika ofisi ya ardhi ya Jiji.

Basi ndugu zangu, kabla ya kwenda kwa dalali, kaeni wawili baada ya Isha. Andikeni kila mmoja ametoa kiasi gani. Mwendeeni shekhe ajuaye mirathi, kisha mwanasheria. Baada ya hapo, mjini au kiungani, nunueni mkimtegemea Mungu.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, zenye watoto na zisizo na watoto, na amhifadhi kila atakayebaki. Amin.