Fahamu: Ukiambiwa upasuaji, unaweza kumuuliza daktari wa pili?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imerudisha mjadala wa kadi ya bima vijiweni, na swali moja halikosekani: daktari wa Makambako akisema uvimbe utolewe, naweza kusikia neno la mwingine?

Unaweza. Upasuaji hufanywa kwa ridhaa yako, na hakuna daktari makini anayechukia kuulizwa. Kazi ipo kwenye ngazi za rufaa. Ukijipeleka mwenyewe hospitali ya juu bila barua ya rufaa, bima inaweza kukataa kulipa. Basi omba uandikiwe rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, kilomita 60 hivi, na ubebe majibu ya ultrasaundi usije ukapimwa upya.

Kadi nazo hazilingani. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya ya watu 6 ililipia shilingi 30,000 kwa mwaka, iliishia hospitali ya mkoa. Kwa wenye kadi hiyo, kupanda hadi hospitali ya kanda Mbeya kulikuwa kwa gharama ya mfukoni.

Kidole tumbo kilichopasuka, au uzazi uliokwama? Hapo usizunguke. Saini, uingie chumba cha upasuaji.