Kichocho Kinaporudi: Je, Dawa Imeshindwa?

Wagonjwa wa kichocho cha mkojo kutoka Mbinga, Mbamba Bay na Liuli huuliza swali hili wanapoona damu tena baada ya tiba.

Minyoo wa kichocho hawafanani wote. Mwaka 2021 watafiti walieleza kuhusu kundi moja la minyoo wa kichocho cha tumbo waliozalishwa maabarani. Baadhi walidhurika kwa prazikwanteli kidogo. Wengine walistahimili kiasi kikubwa. Tofauti hiyo ilihusishwa na jeni iitwayo TRPM. Usugu, basi, waweza kujificha ndani ya kundi moja.

Hata hivyo, tusiharakishe kuilaumu dawa. Prazikwanteli huua minyoo waliokomaa, wachanga husalia. Tena, anayerudi kuoga au kuvua ziwani huweza kuambukizwa upya na vimelea watokao kwenye konokono.

Kwa hiyo mhudumu ampime mgonjwa uzito, atoe miligramu 40 kwa kila kilo, kisha achunguze mkojo tena baada ya wiki kadhaa. Mayai hai yakionekana, arudie tiba na kutoa taarifa wilayani. Mgonjwa naye arudi kupimwa, hata akijisikia mzima.