Ujumbe Ukisafiri, Nguo Hubaki Nyumbani

Buha ya zamani, nchi ya Waha mkoani Kigoma, haikuwa na ikulu moja. Heru ilikuwa na mwami wake, yaani mfalme, Muhambwe wake, Buyungu wake, na bado mtu wa Heru Juu aliyepanda hadi Kibondo hakuhitaji mkalimani, kwa kuwa Kiha kiliwaunganisha wote. Utawala wa machifu ulifutwa baada ya Uhuru, ingawa Muhambwe na Buyungu yamebaki kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi. Mpangilio wa aina hiyo umerudi kwa njia nyingine ndani ya intaneti, na wataalamu wanauita mitandao ya kijamii iliyogatuliwa. Humo hakuna kampuni moja inayomiliki kila akaunti. Kuna seva nyingi, kubwa na ndogo, kila moja na mwenyewe, zinazoelewana kwa itifaki iitwayo ActivityPub, ambayo W3C, shirika linalosimamia viwango vya wavuti, iliipitisha Januari 2018. Mastodon, aliyoianzisha Eugen Rochko mwaka 2016, ndiyo programu inayojulikana zaidi katika ulimwengu huo, lakini hata tovuti ya kawaida ya WordPress inaweza kujiunga nao kwa kuongezewa programu-jalizi. Chama cha wakulima wa maharage Kasulu kikiwa na tovuti ya namna hiyo kinaweza kufuatwa na msomaji mwenye akaunti kwenye seva ya Ujerumani, na hakuna kati yao atakayelazimika kuhamia kwa mwenzake. Mfano wa falme uishie hapo, maana mwami alikuwa na ng'ombe na ardhi, ilhali mwenye seva ana bili ya kila mwezi.

Anayetaka tovuti kama hiyo huanza kwa kumwomba fundi amtengenezee mandhari, yaani sura ya kurasa zake: rangi, herufi, nembo, mahali pa picha. Hoja yangu ni kwamba katika mitandao iliyogatuliwa kazi ya mandhari ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya rangi, na fundi anayeanzia kwenye rangi anaanzia mwisho. Sababu yake imo katika namna ujumbe unavyosafiri. Seva yako inapoupeleka ujumbe kwa wafuasi walio kwenye seva nyingine, inatuma maneno, jina la mwandishi, tarehe, alama ya lugha na viambatisho. Rangi ya mandharinyuma, ukubwa wa herufi na kile kisanduku chekundu ulichokichora kuonyesha tahadhari havimo ndani ya kifurushi. Ujumbe unafika ugenini bila nguo na kuvishwa za mwenyeji. Kama neno "tahadhari" halikuandikwa kwa sababu rangi nyekundu ilionekana kutosha, msomaji wa mbali hatajua kuwa alikuwa anatahadharishwa.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu tumezoea kutangaza kwa picha. Tangazo la mnada, la chanjo ya mifugo au la mkutano wa kijiji hutengenezwa kama bango, maneno yakiwa yamechorwa ndani ya picha, kisha picha ndiyo inayotumwa. Bango la aina hiyo halitafutiki kwa maneno, halisomeki kwa asiyeona anayesomewa na simu yake, na linakula bando la kila anayelifungua. Mandhari nzuri humsaidia mwenye tovuti kuacha mazoea hayo: inaweka maneno kwanza na picha baadaye, na inadai maelezo mafupi ya kila picha kabla ya kuichapisha. Maelezo hayo ni miongoni mwa vitu vichache vinavyosafiri pamoja na ujumbe hadi mwisho wa safari.

Mandhari nyingi zilizopo sokoni zinarithi sura ya blogu, na blogu ilirithi sura ya gazeti. Tunaijua vizuri sura hiyo tangu Ndesanjo Macha alipoanzisha blogu yake ya Kiswahili, Jikomboe, mwaka 2004, na Issa Michuzi alipoanza ya kwake mwaka 2005: kichwa cha habari, picha, aya ya kwanza, kisha "soma zaidi". Ujumbe wa mtandao wa kijamii haujengwi hivyo. Mtu anayeandika sentensi mbili kuhusu bei ya maharage sokoni leo hana kichwa cha habari wala hakihitaji. ActivityPub yenyewe inatofautisha ujumbe mfupi usio na kichwa na makala yenye kichwa, na kwa muda mrefu Mastodon imekuwa ikiuonyesha ule mfupi wote huku makala ndefu ikiishia kuwa kichwa na kiungo. Mandhari iliyozoea gazeti hukosa la kufanya na ujumbe mfupi. Huacha pengo, huandika "Hakuna kichwa", au hulazimisha maneno matatu ya mwanzo yawe kichwa kikubwa kuliko habari yenyewe. Dawa yake ni rahisi. Jina la mwandishi na wakati wa kuandika vichukue nafasi ya kichwa, na maneno yafuate mara moja kwa ukubwa wa kusomeka. Kwa WhatsApp, ambako viungo vingi huishia, fundi aandae muhtasari wa kiungo unaoanza na maneno ya ujumbe wenyewe. Asipofanya hivyo, kila kiungo kitaonyesha jina lilelile la tovuti na watu watadhani wametumiwa kitu kimoja mara kumi.

Sasa tuje kwenye saa, ambapo mandhari za kigeni hutuaibisha zaidi. Programu nyingi za mitandao hii huonyesha umri wa ujumbe kwa kifupi, na kifupi hicho kikitafsiriwa neno kwa neno hutokea "saa 2". Aliyeunda programu alikusudia kwamba saa mbili zimepita. Msomaji wa Kasulu anaona saa mbili, ama ya asubuhi ama ya usiku. Neno letu moja linabeba muda na pia nukta ya wakati, na juu ya hapo tunahesabu kuanzia mapambazuko, kwa hiyo kinachoandikwa 14:00 kwenye simu tunakitamka saa nane mchana. Tangazo la mkutano likichapishwa na mandhari inayoandika "2:00" bila neno la kipindi cha siku, wapo watakaofika asubuhi. Fundi aiweke saa ya kimataifa kwenye msimbo ambako mashine itaisoma, halafu juu ya ukurasa aandike "saa 8:00 mchana", kama barua za ofisi zetu zinavyoandikwa siku zote. Kumbukumbu za lugha ambazo vivinjari vinazitumia tayari zina vipindi vya siku kwa Kiswahili, kama alfajiri, asubuhi, mchana na usiku, kwa hiyo hana kisingizio. Nyanda za juu za Kigoma zina sababu nyingine ya kulitazama hili kwa makini: Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma yetu kwa saa moja, na wasomaji wa Kiswahili wako pande zote za mpaka, wakiwemo Wakongo wanaoishi kambini Nyarugusu tangu 1996. Ukurasa unaotaja tukio useme ni saa za wapi. Tarehe nayo iandikwe jina la mwezi, maana 10/12 ya mandhari ya Kimarekani ni Oktoba, na ya kwetu ni Desemba.

Sarufi ina mtego wake pia. Kiingereza kikiwa na namba na neno, kinaongeza herufi moja mwishoni na kazi imekwisha. Sisi namba ikibadilika hubadilika na kitenzi: mtu 1 amesambaza, watu 5 wamesambaza, jibu 1 limefichwa, majibu 3 yamefichwa. Kiolezo kinachobandika namba mbele ya kipande cha sentensi kilichoandaliwa tayari hakiwezi kutoa Kiswahili sahihi, hata mfasiri awe hodari kiasi gani. Ndiyo sababu tunasoma "Maoni 1" kila mahali na tumeshaacha kucheka. Sentensi iandikwe nzima kwa umoja na nzima kwa wingi. Pamoja na hilo, kila ujumbe ubebe alama ya lugha yake. Kiswahili ni sw, na Kiha, ambacho mashine ni rahisi kukidhania Kirundi, kina alama yake ya herufi tatu, haq, katika orodha ya kimataifa.

Wapo watakaosema kwamba rangi na nembo ndizo zinazomvuta msomaji, na kwamba tovuti isiyopendeza haisomwi. Ni kweli kwa anayefika kwenye tovuti. Ila katika mtandao uliogatuliwa wengi hawafiki, wanasomea kwao, na kinachowafikia ni picha ndogo ya wasifu, jina na maneno. Nembo itengenezwe ili ionekane ndani ya duara dogo, kisha fedha iliyobaki iende kwenye uandishi. Hoja nzito zaidi ni ile ya WhatsApp: kila kijiji kina kundi lake, ya nini seva? Jibu langu ni kwamba kundi linafaa kwa mazungumzo ila halifai kuwa kumbukumbu. Mgeni anayejiunga leo kwa kawaida haoni ya jana, na simu ikipotea bila nakala, ya miaka mitatu hupotea nayo. Ukurasa wenye anwani yake hubaki, na unaweza kutumwa kwenye kundi hilohilo. Mei 2025, mtandao wa X ulipoacha kufunguka nchini Tanzania kwa njia ya kawaida, waliokuwa wameweka kila kitu humo walijifunza bei ya kuishi kwenye nyumba ya kupanga. Seva ndogo nayo inaweza kufungwa, sikatai, ila mwenye nakala za maandishi yake na jina lake la kikoa huhamia kwingine bila kuomba ruhusa kwa kampuni iliyoko ng'ambo. Kuhusu wasomaji, ukweli usemwe: katika mitandao hii Waswahili bado ni wachache. Na kuhusu sheria, hakuna mandhari inayomwondolea mtu wajibu. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilidai ada zilizofikia jumla ya shilingi 2,100,000, kisha kanuni mpya zikachukua nafasi yake 2020, nazo zikarekebishwa 2022. Anayekusudia kutoa habari aulize Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kwanza.

Umebaki uzito wa ukurasa. Wastani wa ukurasa wa wavuti duniani sasa unapita MB 2, na sehemu kubwa yake ni picha na hati za JavaScript. Tangu toleo la 4 la mwaka 2022, kurasa za umma za Mastodon zenyewe hazionyeshi ujumbe kama kivinjari hakiendeshi hati hizo, na kwa wanaotumia Opera Mini kubana matumizi ya bando hati hizo hufanya kazi kwa sehemu tu. Ujumbe wa sentensi mbili hauna haki ya kumgharimu msomaji kiasi hicho, na tovuti inayoandaa kurasa zake mapema, kama kurasa tupu za maandishi, inaupeleka kwa kilobaiti chache.

Kwa hiyo fundi akikuletea mandhari kwenye kompyuta yake mpakato yenye kioo kikubwa, usiangalie rangi. Mpe simu ya bei ya chini, zima JavaScript, afungue ujumbe mmoja usio na kichwa wala picha, kisha akusomee kwa sauti umeandikwa na nani, lini, na saa ngapi. Akikwama, usimlipe mpaka arekebishe.