Kamba-Kombe: Ganda Moja, Nasaba Mbalimbali

Katika madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka kiangazi huishi mnyama mdogo wa ukoo wa kamba, aghalabu wa milimita chache tu, ambaye mwili wake umefunikwa na maganda mawili yaliyokutana mgongoni, hata asiyemfunua akaiona miguu yake mingi ikipiga maji humdhania kuwa ni kombe mchanga. Dhana hiyo haikuwaepuka hata wanavyuoni, kwani kisukuku kilicho tele katika miamba ya zama za Triasi huko Ulaya, ambacho leo huitwa Euestheria minuta, kilipewa kwanza jina la Posidonia minuta na kuhesabiwa miongoni mwa kombe wa kweli.

Hata walipokwisha kutambuliwa kuwa ni jamaa ya kamba, ganda liliendelea kutawala hukumu ya wataalamu. Mwaka 1867 G. O. Sars wa Norwei aliwakusanya wote chini ya jina Conchostraca, na kundi hilo likadumu vitabuni kwa zaidi ya karne moja, ijapokuwa Linder alikwisha kubainisha mwaka 1945 kwamba ndani yake mna matabaka mawili yanayotofautiana kwa mkia, moja laini, Laevicaudata, na moja lenye miiba, Spinicaudata. Mwaka 1987 Geoffrey Fryer alipendekeza kundi hilo livunjwe, na uchunguzi wa maumbile na wa jeni uliofuata umeithibitisha rai yake.

Leo hutajwa makundi matatu. Wale wa Laevicaudata ni wa mviringo, na kila wajivuapo huliacha ganda la kale lote, kwa hiyo ganda lao halina mistari ya ukuaji. Wale wa Spinicaudata, ambao ndio wengi, hubaki na ganda la kale juu ya jipya, hivyo kila kujivua huongeza mstari mmoja ukingoni. Na dume wao ana jozi mbili za vishikio vya kumkamatia jike, ilhali madume wa makundi mengine wana jozi moja tu. Kundi la tatu ni la Cyclestheria hislopi, aliyeelezwa na William Baird mwaka 1859 kutokana na vielelezo vya Nagpur, Bara Hindi, na kupewa jina la Stephen Hislop, mmisionari wa huko. Huyu huwalea wanawe ndani ya ganda mpaka wafanane na mama yao, na majike huweza kuzaa vizazi kadha wa kadha pasipo dume, tabia zilizo dhahiri pia kwa viroboto wa maji; na jeni nazo zimeshuhudia kwamba udugu wake wa karibu kabisa ni kwa viroboto hao, wala si kwa kamba-kombe wengine. Kwa hiyo lile kundi lililokusanywa kwa ajili ya ganda lilikuwa mfano wa orodha ya warithi iliyomwandika binamu na kumwacha ndugu wa tumbo moja.

Hapa ndipo ilipo taabu ya mtaalamu wa visukuku. Nasaba ya Spinicaudata yaonekana katika miamba tangu zama za Devoni, takriban miaka milioni 400 iliyopita, lakini kilichosalia karibu siku zote ni ganda peke yake, lililofanywa kwa kitini na chumvi za chokaa na fosforasi, ilhali kichwa, vishikio, miiba ya mkia na maganda ya mayai, ambavyo ndivyo huwatofautisha walio hai, vimekwisha kuoza. Imembidi basi aainishe kwa umbo la ukingo, kwa idadi ya mistari na nafasi zake, na kwa nakshi zilizomo baina ya mistari, kama vile vyumba vya wavu, mifuo na vitobo, ambazo hadubini ya elektroni huzidhihirisha. Ndivyo ilivyotambuliwa, kwa mfano, jenasi Congestheriella, iliyotokana na visukuku vya tabaka za Lualaba, Kongo.

Lakini dalili hizo hazina nguvu sawa. Umbo la ganda la dume huweza kutofautiana na la jike, la mchanga na la mzima, na uzito wa mwamba huweza kulipinda hata likadhaniwa kuwa la spishi nyingine. Na mistari huhesabu mara za kujivua, si miaka, nayo huongezeka au kupungua kwa kadiri ya chakula na ya muda wa dimbwi kudumu. Nakshi zina manufaa zaidi, ila nazo haziaminiki mpaka zipimwe kwanza kwa kamba-kombe walio hai, ambao nasaba yao imekwisha kujulikana kwa mwili na kwa jeni, ili ijulikane ni nakshi ipi hufuata damu na ipi huzuka mahali mbalimbali pasipo udugu.

Jambo hili halihusu majina matupu. Miamba iliyofanyika katika maziwa na madimbwi ya kale haina visukuku vya baharini ambavyo kwavyo wanajiolojia huzoea kupima umri wa tabaka, na mara nyingi kamba-kombe ndio hushika nafasi hiyo; kwa hiyo anayewaandika dume na jike wa spishi moja kuwa ni spishi mbili, kisha akazifanya kuwa alama za nyakati mbili, atakuwa ameikosea nasaba ya mnyama na tarehe ya mwamba pamoja.